Babu Alimwona Kennedy Yupi? Somo la Kukusanya Masimulizi ya Wazee



Somo la toleo hili limetokana na kosa, na kosa lenyewe ni langu. Muhula huu darasa la wakubwa linakusanya masimulizi ya wazee. Kila mwanafunzi alitumwa ampigie simu babu, bibi au jamaa mwingine aliyeko nyumbani, amuulize swali moja: ulipokuwa mdogo, ulisikia habari gani za marais wa Marekani? Mada hiyo ilitoka kwa wanafunzi wenyewe. Wawili kati yao wana wajomba wanaoitwa Kennedy, na mmoja alitaka kujua kwa nini mjomba wake, Mluhya wa Kakamega, ana jina la Kizungu ambalo si la mtakatifu wala halimo katika Biblia. Nikaona hapo pana somo. Nikawaambia pia: mkishapata jibu, hakikisheni tarehe. Sikusema zaidi ya hayo.

Mvulana mmoja wa miaka 12 alimpigia babu yake Dar es Salaam. Mzee alifurahi sana kuulizwa, akasema, "Kennedy? Mimi Kennedy nilimwona kwa macho yangu, hapa hapa Dar." Mtoto, huku babu bado anazungumza, akachukua simu ya mama yake na kutafuta kwenye intaneti. Akaona kwamba Rais Kennedy hakuwahi kufika Tanganyika. Akasema, "Babu, hiyo si kweli. Imeandikwa hapa." Mzee akanyamaza. Kisha akasema ana shughuli, akakata simu. Wiki mbili zilizofuata, mama wa mtoto alipopiga, mzee aliuliza hali ya kila mtu, lakini habari za zamani hakutaka tena kuzigusa. "Waulizeni hao wanaoandika," alisema.

Mama huyo alinieleza haya mlangoni baada ya kipindi, kwa upole, bila kunilaumu, na kwa hiyo nilijilaumu mwenyewe. Nilikuwa nimewafundisha watoto kuhakiki kabla ya kuwafundisha kusikiliza.

Sasa tuangalie kisa chenyewe. John F. Kennedy alikuwa Rais wa Marekani kuanzia Januari 1961 hadi alipouawa Novemba 1963. Katika muda huo hakufika Afrika Mashariki. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemfuata Washington, mara mbili, Julai 1961 kabla ya uhuru na tena Julai 1963. Mtoto, basi, alisoma sawasawa. Lakini mwaka 1966, mwezi wa Juni, alikuja Dar es Salaam Kennedy mwingine, Robert, mdogo wake rais, ambaye wakati huo alikuwa seneta wa New York. Alitoka Afrika Kusini, akapitia Tanzania na Kenya, akaishia Ethiopia. Alikutana na Mwalimu Nyerere. Magazeti yaliandika, redio zilitangaza, na watu wakasema, "Kennedy anakuja." Nani angesema "Seneta Robert Francis Kennedy"? Alikuwa Kennedy tu.

Nilimweleza mvulana haya, lakini nikamkataza asiende kumwambia babu yake jibu. Nikamwambia aanze kwa kuomba radhi, kisha aulize upya na anyamaze. Mazungumzo yale ameyaandika kwenye daftari, na kwa ruhusa ya familia nayanukuu hapa kwa kifupi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, siku ile nilikukatisha maneno. Nisamehe. Naomba unisimulie tena."

Kukawa kimya kidogo. Mzee akauliza kama safari hii simu nyingine ipo mkononi. Mtoto akasema ipo kwa mama, jikoni. Basi mzee akaanza. Alikuwa amesimama kandoni mwa barabara pamoja na wenzake wa shule, msafara wa magari ukapita, watu wengi, jua kali.

"Ulikuwa darasa la ngapi, babu?"

"La sita."

"Uhuru ulikuwa umeshapatikana?"

"Aa, uhuru wa zamani huo! Hata Muungano ulishakuwepo."

Mtoto anajua Muungano ulikuwa Aprili 1964. Akahesabu kimoyomoyo, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyo alikuwa Kennedy yupi?"

"Si yule mdogo mtu! Rais alikuwa keshauawa, dunia nzima inajua. Kwani mimi nilisema Rais?"

Tulirudi kwenye daftari la kwanza. Kweli, mzee hakusema Rais. Neno "Rais" lilitoka kwangu, kwenye swali nililowapa, likakaa kichwani mwa mtoto, na mtoto akalisikia mahali ambapo halikutamkwa.

Hili ndilo jambo la kwanza la somo: andika alichosema mzee, kwa maneno yake, kabla hujaandika ulichokielewa wewe. Gawa ukurasa katika safu mbili. Upande wa kushoto maneno ya mzee, upande wa kulia maswali yako na mambo uliyoyatafuta baadaye. Usichanganye.

Jambo la pili ni namna ya kuuliza, na hapa naomba niseme kama muuguzi. Mgonjwa ukimuuliza, "Kifua kinakuuma upande wa kushoto?" wengi watakujibu ndiyo, kwa sababu wameona ndilo jibu unalolitaka. Ukimuuliza, "Unaumwa wapi?" atanyoosha mkono na kukuonyesha mwenyewe. Swali la kwanza limebeba jibu ndani yake. Swali langu la marais lilikuwa la aina hiyo.

Na kuhusu tarehe: katika kliniki zetu nyumbani, mama asiyeikumbuka tarehe aliyozaliwa mtoto wake hatumwambii kwamba amekosea. Tunamuuliza, ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada? Mahindi yalikuwa yameshavunwa? Daraja lilikuwa limeshavunjika kwa mafuriko? Kwa maswali matatu manne unapata mwezi. Wafanyakazi wa afya wana hata kalenda za matukio ya mahali zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Mvulana wetu alifanya hivyohivyo: darasa la ngapi, uhuru, Muungano. Mzee hana mwaka kichwani, lakini ana vitu vilivyouzunguka mwaka huo, na vitu hivyo mara nyingi ni imara kuliko tarimu ya kukariri.

Sasa tuje kwenye simulizi ambalo familia za Kenya hapa Guangzhou zimelileta zaidi kuliko jingine lolote: "Kennedy ndiye aliyetupeleka Marekani kusoma." Madaftari matatu yana sentensi inayofanana na hiyo. Je, ni kweli? Ni kweli nusu, na ile nusu nyingine inapendeza kuifuatilia.

Miaka ya mwisho ya ukoloni Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili. Kulikuwa na Makerere, Uganda, yenye nafasi chache, na chuo cha ufundi cha Nairobi kilichokuwa kichanga. Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi, aliona kwamba uhuru unakuja na watu wa kuziendesha ofisi hawapo. Vyuo vya Marekani vilikuwa tayari kutoa nafasi za masomo. Kilichokosekana ni nauli. Mboya akazunguka Marekani akihutubia na kuomba, na marafiki zake huko wakaunda shirika la kuchangisha fedha, African American Students Foundation. Waliotia saini barua ya kuomba michango walikuwa watu mashuhuri: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier, na Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli. Nyumbani nako watu walichanga. Wengine waliuza ng'ombe, vijiji vikafanya harambee ya nguo, sanduku na pesa za matumizi. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81.

Angalieni mwaka. Mwaka 1959 Kennedy hakuwa na sehemu katika safari hiyo. Alikuwa seneta, mwenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti iliyoshughulikia mambo ya Afrika, na bado hata hajateuliwa kugombea urais.

Mwaka 1960 ndipo anapoingia. Waliokuwa wamepata nafasi za vyuo walikuwa wengi zaidi, na safari hii hawakutoka Kenya peke yake, walikuwemo pia wa Tanganyika, Uganda na nchi nyingine. Fedha za ndege hazikuwepo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa, ikakataa. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda kumwona Kennedy nyumbani kwao Hyannis Port, kando ya bahari, katika jimbo la Massachusetts. Kennedy alikuwa ameteuliwa na chama cha Democratic wiki mbili tu kabla. Taasisi ya familia yake ikakubali kutoa dola 100,000.

Mpinzani wake alikuwa Richard Nixon wa chama cha Republican, makamu wa rais, mtu ambaye naye aliijua Afrika kidogo, kwa kuwa alihudhuria sherehe za uhuru wa Ghana mwaka 1957. Jackie Robinson alikuwa upande wa Nixon katika uchaguzi ule. Habari za fedha za Kennedy zilipowafikia watu wa Nixon, Wizara ileile iliyokuwa imekataa ikageuka, ikasema sasa inazo dola 100,000. Wenye shirika wakachagua fedha za taasisi ya Kennedy. Hapo seneta mmoja wa Republican, Hugh Scott wa Pennsylvania, akasimama Seneti katikati ya Agosti na kumshutumu Kennedy kwamba anatumia fedha za hisani kwa siasa. Ugomvi ukaenea magazetini. Watoto wetu walicheka niliposimulia hapa, na nadhani walicheka vizuri: wanafunzi walioko Nairobi na Kisumu wakisubiri tu kujua kama watasafiri, na huko mbali wakubwa wawili wanagombania nani alipe.

Kwa nini wagombanie? Kwa sababu Wamarekani weusi walikuwa na kura, na katika majimbo makubwa ya kaskazini kura zao zingeweza kuamua mshindi. Msaada kwa vijana wa Afrika ulikuwa habari njema ya kusomwa katika magazeti yao. Uchaguzi wenyewe, tarehe 8 Novemba 1960, ulikuwa wa kubanana mno: kura zaidi ya milioni 68 zilipigwa na tofauti ya Kennedy na Nixon haikufika laki moja na ishirini elfu. Hata hivyo sitaki kuona daftari lililoandikwa kwamba wanafunzi wa Kenya walimpa Kennedy urais. Mambo yaliyomsaidia yalikuwa mengi. Tunachoweza kuandika ni kwamba ndege za wanafunzi zilikuwa sehemu ya kampeni ile.

Septemba 1960 waliondoka zaidi ya 200. Mmoja wao alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari, aliyepelekwa chuo cha masista wa Kikatoliki mjini Atchison, Kansas. Ndiye Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Yeye akisema nauli ilitoka kwa Kennedy, anasema kweli. Mzee wa ile ndege ya mwaka 1959 akisema hivyohivyo, kumbukumbu yake imehamisha jambo la mwaka mmoja ikaliweka katika mwaka mwingine. Je, ametudanganya? Hapana. Miaka yote iliyofuata, kila aliyesikia habari za ndege zile alisikia na jina la Kennedy. Jina likameza mwaka wa kwanza.

Na hili halijawapata wazee wetu peke yao. Machi 2007 Barack Obama, akiwa mgombea, alihutubia mjini Selma na kusimulia kwamba familia ya Kennedy ndiyo iliyowezesha baba yake kufika Marekani. Mwaka uliofuata gazeti la Washington Post likachunguza. Obama mkubwa aliingia Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya fedha za Kennedy, na hata katika ile ndege ya watu 81 hakuwemo. Alikwenda kwa msaada wa watu wengine. Wasemaji wa Obama walikubali kwamba palikuwa na kosa. Huyu ni mtu aliyesoma sheria Harvard, mwenye wasaidizi wengi, na bado simulizi la nyumbani lilimfikia jinsi lilivyosimuliwa. Wanafunzi, mkumbukeni mtakapotaka kumcheka bibi.

Wamarekani wenyewe wanazichukulia kumbukumbu kwa uzito. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilianza kukusanya historia simulizi kwa mpango maalumu mwaka 1948. Baada ya Kennedy kuuawa, maktaba yake ilianza mwaka 1964 kuwahoji waliomfahamu, mawaziri, maseneta, madereva, marafiki, na Waafrika pia. Tom Mboya mwenyewe alihojiwa mwaka 1965, miaka minne kabla naye hajauawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Lakini hata Mboya msimsome kama msahafu. Alipohojiwa alikuwa waziri katika serikali ya Kenya, na aliyekuwa akimkumbuka alikuwa rafiki aliyekufa. Mtu wa namna hiyo huchagua maneno. Ndiyo maana katika safu ya kulia nimewaambia muandike pia: mzee alikuwa nani wakati ule, na ni nani sasa anapokusimulia?

Kwa mfano, si kila mzee wa Kenya atamsifu Kennedy. Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa akiwapeleka vijana ng'ambo, lakini upande mwingine wa dunia, Moscow na nchi za mashariki ya Ulaya, na wengine huku China. Wazanzibari walikuwa wakisoma Beijing hata kabla ya Mapinduzi ya 1964. Bibi mmoja wa Unguja, alipoulizwa habari za Marekani, hakumtaja rais yeyote. Alisimulia mitambo ya Tunguu. Ilikuwa mitambo ya Wamarekani ya kufuatilia vyombo vyao vya angani, na John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962 kituo hicho kilikuwa kimojawapo cha kuwasiliana naye. Baada ya Mapinduzi kiliondolewa. Bibi anakumbuka watu wakiandamana kuipinga kwa sababu walihofu vita vya wakubwa vingekuja kisiwani. Mjukuu wake alitaka kulikata hilo daftarini kwa kuwa "halikuwa jibu la swali". Nimemwomba aliandike lote. Sera ya rais wa Marekani kwa bibi huyu ilikuwa na milingoti, na ilikuwa shamba la jirani.

Nimebakiza usiku wa Kennedy kuuawa, kwa sababu wazee karibu wote wanaukumbuka, na kwa sababu ni hesabu nzuri ya saa. Alipigwa risasi Dallas, Ijumaa tarehe 22 Novemba 1963, saa sita na nusu mchana kwa saa za huko. Dallas iko nyuma ya Nairobi kwa saa tisa. Basi nyumbani ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Hapa Guangzhou ilikuwa tayari Jumamosi, saa nane na nusu usiku. Kenya ilikuwa imebakiza siku 20 kupata uhuru wake.

Marehemu shangazi yangu alikuwa akisimulia kwamba alikuwa shule ya bweni, na mwalimu wao Mmarekani aliingia darasani mchana akilia, akaandika jina la Kennedy ubaoni, akatoka bila kusema neno. Tulilisikia simulizi hilo kila sikukuu. Nilipofanya hesabu hii ya saa kwa ajili ya darasa, ndipo nikaona kwamba haikuwezekana kuwa mchana wa Ijumaa. Labda ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwa kuwa shule nyingine zilifundisha Jumamosi. Labda ilikuwa Jumatatu. Ningemuuliza tu: mlikuwa mmevaa sare? Siku hiyo mlikula nini? Kuna aliyetangulia kusikia redioni? Angenijibu bila shida, alikuwa na kumbukumbu ya chakula kuliko mtu yeyote. Sikumuuliza alipokuwepo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule ameshapita 80 sasa, na kazini kwangu najua miaka 80 maana yake nini.

Kuhusu majina: wajomba wote wawili wanaoitwa Kennedy tumewaulizia. Mmoja alizaliwa mwaka 1964, na bibi anasema wazi kwamba alipewa jina la rais aliyekufa. Mwingine alizaliwa mwaka 1978, naye aliitwa kwa jina la daktari wa wilaya aliyemzalisha mama yake. Na yule daktari aliitwa kwa jina la nani? Hilo tumelishindwa kwa sasa.

Kazi ya wiki hii ni hii. Mpigie tena mzee uliyemhoji. Usimwulize marais. Mwambie: "Nisimulie habari ya mbali iliyofika kwenu ulipokuwa mdogo. Ilifikaje, na wewe ulikuwa wapi?" Kisha nyamaza mpaka amalize, hata akitoka nje ya habari. Simu ya pili ikae mbali. Akikosea tarehe, usimsahihishe. Muulize kitu kilichokuwa karibu: darasa, mvua, mavuno, nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa amefariki. Kuhakiki kutafanyika darasani, nasi sote, kwenye safu ya kulia. Tukipata kwamba habari haikuwa hivyo, tutampelekea mzee swali jingine, hatutampelekea hukumu.

Wazazi, nawaomba mambo mawili. Msijibu kwa niaba ya mzee. Najua kiu ya kusema "baba anamaanisha hivi", lakini mwacheni amaanishe mwenyewe. Na ombeni ruhusa kabla ya kurekodi. Sauti mnazotumiana kwa WeChat msizitegemee, maana simu ikibadilishwa zinapotea. Mtoto aandike kwenye daftari siku hiyohiyo. Saa kumi jioni hapa ni saa tano asubuhi nyumbani, wazee wengi wameshakunywa chai na bado hawajalala mchana.

Yule mvulana ameshaanza. Babu yake amemwambia kwamba mwaka mmoja kabla ya Kennedy alisimama kandoni mwa barabara akamwona pia Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai. Zhou alifika Dar es Salaam Juni 1965, hilo nimelitazama mwenyewe, lakini mtoto sijamwambia bado. Wiki hii anamuuliza babu alisimama upande gani wa barabara.

Madaftari yaletwe Jumamosi. Asiye na mzee wa kumpigia anione kabla ya kipindi. Kuna mzee mmoja mfanyabiashara hapa Xiaobei aliyekubali kuhojiwa, ila anataka watoto wasizidi watatu kwa mara moja.